Shimizi kwanza, gauni baadaye

Una harusi Mbarara, au usaili wa kazi, na gauni tayari limepigwa pasi. Kabla hujaondoka Kabingo, toka nje ulipe jua mgongo. Mwombe dada yako asimame mbele yako akutazame. Kama anaona mapaja yako yanavyotengana, unahitaji shimizi. Kioo cha chumbani hakiwezi kukuambia hivyo, maana mwanga wa ndani ni hafifu.

Chagua aina sahihi. Shimizi yenye kamba mabegani ni ya gauni. Gagulo linaloanzia kiunoni ni la sketi. Ukivaa gagulo ndani ya gauni lililobana, lastiki itachora mstari tumboni na kila mtu atauona.

Rangi ndiyo inayowakosesha wengi. Wanavaa shimizi nyeupe ndani ya gauni jeupe, nayo inaonekana wazi kabisa. Ndani ya nguo nyeupe au ya krimu vaa rangi iliyo karibu na ngozi yako. Nyeusi iwekee nguo za rangi ya giza. Kama una hela ya moja tu, nunua ya kahawia.

Pindo la shimizi liishie vidole vitatu juu ya pindo la nguo. Usipime ukiwa umesimama tu. Keti, inama, panda ngazi. Kama utakwenda kwa boda, kaa upande kwenye benchi uone nguo inapanda hadi wapi. Sketi ikiwa na mpasuo, gagulo liishie juu ya mpasuo huo, au lipasuliwe palepale.

Kitenge cha pamba hupanda miguuni unapotembea, kwa hiyo ndani yake vaa kitu kinachoteleza: satini au nailoni. Poliesta na shifoni zina tabia nyingine. Miezi ya kiangazi, Juni na Julai, hewa ikikauka, hung'ang'ania mwili. Hapo shimizi ya pamba ndiyo nzuri. Zikikunasa ukiwa njiani, lowesha viganja, kung'uta maji, kisha vipitishe juu ya shimizi chini ya gauni. Losheni kidogo miguuni nayo inasaidia. Mafuta ya mgando usiguse, yanaacha doa.

Sokoni, kwenye marundo ya mivumba, yaani mitumba, utapata shimizi nzuri kwa bei ndogo. Vuta lastiki: ikibaki imelegea, omba upunguziwe bei au iache. Inua nguo juani utafute matundu, hasa kwenye mishono ya pembeni. Ukifika nyumbani ifue kwa sabuni na uianike juani kabla haijagusa mwili wako. Lastiki iliyochoka isikutishe sana. Fundi wa cherehani huibadilisha ukiwa umekaa unasubiri.

Tena ni afadhali umpe fundi kazi nzima. Akate gagulo kutoka kitambaa cha bitana, kile kinachowekwa ndani ya makoti. Zungusha futi penye nyonga palipo papana zaidi, ongeza sentimita 10. Urefu upime kutoka kiunoni hadi pindo la sketi, punguza 5, halafu ongeza 3 za njia ya lastiki na 2 za pindo. Lastiki yenyewe iwe fupi kuliko kiuno kwa sentimita 5. Mwambie ashone mishono ibaki upande wa nje, ule unaotazama sketi, ili isikukwaruze. Gauni jipya ukilishonesha, dai bitana tangu mwanzo. Kuitia baadaye ni kulifumua gauni.

Nguo za sherehe zina kanuni zake, na hapa usikurupuke. Gomesi, gauni refu la sherehe lenye mshipi, huvaliwa juu ya kikoyi. Kifunge kiunoni kwanza, kikaze, kiwe sawa pande zote, ndipo uvae gomesi juu yake. Kikoyi hujaza nyonga na huzuia hariri isinase mwilini. Kikifungwa kombo, hata mshipi mzuri hautakusaidia.

Mushanana, vazi la kuhingira (sherehe ya kumtoa bibi harusi), ni mwepesi na una mikunjo mingi nyongani. Vaa gagulo refu, karibu lifike kifundoni, la rangi inayofanana na kitambaa. Pini unayoshikizia mkunjo iingie hadi kwenye gagulo. Hapo unaweza kucheza mpaka jioni bila sketi kushuka.

Ukiwa na rafiki Msomali kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, mwombe akuonyeshe gorgorad, sketi ya ndani wanayovaa chini ya dirac, gauni lao refu. Dirac ni nyembamba mno, basi gorgorad hupambwa, na pindo lake huachwa lionekane kwa makusudi. Ukilazimika kuonyesha cha ndani, fanya kama wao: kiwe kizuri kweli.

Kamba za shimizi zikiteleza mabegani, shona kitanzi kidogo cha utepe ndani ya bega la gauni, upitishe kamba humo. Dakika tano tu. Pini pia inafaa kwa siku moja, ila hutoboa kitambaa chepesi.

Fua kwa mkono, anika kivulini. Nailoni usiikamue kwa nguvu. Pasi ya mkaa haina kipimo cha joto, kwa hiyo tandika kitambaa cha pamba chenye unyevu juu ya shimizi, upitishe pasi haraka, kisha kung'uta majivu kabla ya kugusa gauni lenyewe.