Upepo Kwanza, Kipozeo Baadaye

Rhino Charge, mashindano ya Kenya yaliyoanza mwaka 1989 kuchangia uzio wa msitu wa Aberdare, huwapa madereva saa 10 za kupitia vituo 13 porini, na mshindi si mwenye mbio bali aliyevifikia kwa umbali mfupi kuliko wenzake. Ndiyo maana magari hayafuati njia. Hukata kichaka moja kwa moja, hupanda majabali, hushuka makorongo, na kwa sehemu kubwa ya siku mwendo wake ni wa mtu anayetembea kwa miguu. Injini inanguruma, jua linawaka, na mbele ya rejeta hakuna upepo wa maana.

Anayetaka kufunga kipozeo cha mafuta kwenye gari la porini aanzie hapo. Wengi hununua kifaa kwanza, tena kikubwa kadiri mfuko unavyoruhusu, halafu humuuliza fundi kitakaa wapi. Naona swali la pili lilipaswa kutangulia. Kipozeo kidogo kilichowekwa penye upepo hufanya kazi nzuri kuliko kikubwa kilichojificha nyuma ya winchi na bampa la chuma.

Si kila gari linakihitaji. Land Cruiser za mfululizo wa 70 zenye injini ya 1HZ na gia za mkono, zile zinazobeba watalii Serengeti na Maasai Mara, huishi miaka mingi bila kipozeo cha ziada, kwa sababu klachi ikishashika, nguvu hupita kwenye meno ya gia na joto linalozaliwa ni dogo. Mwenye gari la namna hiyo atunze rejeta, feni na mafuta, na pesa iliyobaki anunue tairi. Hali ni nyingine kwa Prado ya otomatiki iliyoingia ikiwa mtumba kutoka Japani, kisha ikawekewa hema juu ya paa, bampa la chuma, matairi makubwa na familia nzima ndani.

Ndani ya giaboksi ya otomatiki, nguvu ya injini hupitia kwenye konveta, ambamo sahani moja huyasukuma mafuta na mafuta huizungusha sahani ya pili. Sahani hizo zikizunguka kwa kasi tofauti, nguvu inayopotea kati yao hugeuka joto. Gari likikimbia barabarani, klachi ya konveta hujifunga na mteleko huo hukoma. Kwenye mchanga wa mito mikavu ya Turkana, kwenye udongo mweusi baada ya mvua, au nyuma ya malori yanayojikokota kwenye mlima Kitonga, klachi hiyo haijifungi. Mafuta hukorogwa mfululizo, na wakati huohuo upepo wa kuyapoza umepungua. Joto linapanda kutoka pande zote mbili.

Giaboksi yenye afya hufanya kazi vizuri mafuta yakiwa kati ya nyuzi 80 na 95 za Selsiasi. Mafundi wa gia wana kanuni ya makadirio kwamba, kupita hapo, kila nyuzi 11 zinazoongezeka hupunguza umri wa mafuta kwa nusu. Kwenye nyuzi 115 hivi, mafuta ya kawaida huanza kuacha utando wa kahawia kwenye vali. Karibu na 127 sili za mpira hukakamaa, na joto likifika 146 sahani za klachi huanza kuteleza na kuungua. Sasa linganisha na taa ya onyo la mafuta ya gia kwenye dashibodi za Land Cruiser nyingi za otomatiki: huwaka kwenye nyuzi 150 hivi. Dereva anayeisubiri taa hiyo anapewa habari za msiba, si onyo.

Kwa hiyo, kabla ya kipozeo, nunua geji. Magari ya miaka ya karibuni hukuruhusu kusoma joto la mafuta ya gia kwa kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye soketi ya uchunguzi chini ya usukani na programu ya simu. Magari ya zamani yanahitaji sensa halisi. Ikiwekwa kwenye sampo husoma joto la jumla la mafuta. Ikiwekwa kwenye bomba linalotoka kwenye konveta huonyesha kilele cha joto, nacho hupanda na kushuka haraka kiasi cha kumtisha asiyezoea. Mimi hupendelea ya sampo, kwa sababu ndiyo mafuta yanayorudi kulainisha giaboksi nzima. Endesha hivyo kwa muda, barabarani na porini, na uandike unachokiona. Usomaji ukibaki chini ya 100 hata kwenye mchanga, huna tatizo la kutibu. Vilevile jaribu gia ndogo, 4L, mapema zaidi kuliko ulivyozoea. Kwenye mchanga mzito au mlima mkali, 4L huiruhusu injini izunguke haraka huku konveta ikiteleza kidogo, na mara nyingi joto hushuka bila kununua chochote.

Geji ikisema kipozeo kinahitajika, aina zinazouzwa ni tatu. Ya kwanza ni bomba moja lililopindwapindwa na kuvalishwa mapezi membamba. Ni rahisi, haizibi upesi, lakini hupoza kidogo kwa ukubwa wake. Ya pili ina sahani bapa ambazo mafuta hupita ndani yake, na mapezi yamebanwa katikati. Ya tatu ni ya sahani zilizopangwa juu kwa juu, imara zaidi, na hupoza vizuri kuliko zote kwa eneo lilelile. Setrab ya Sweden, Mocal ya Uingereza, PWR ya Australia na Derale ya Marekani ni majina yenye sifa katika kazi hii. Kwa gari la porini ningechukua ya tatu bila kusita, kwa kuwa huvumilia mtikisiko na hupitisha mafuta kwa urahisi.

Ukubwa una mipaka yake. Mafuta ya gia yakibaki baridi mno huwa mazito, gia hubadilika kwa kusitasita, na unyevu uliomo haupati joto la kuutoa. Anayeishi Njombe au Nyandarua, kwenye asubuhi za umande unaoganda, anajua baridi hiyo si ya hadithi. Dawa yake ni kipozeo chenye njia ya mkato ndani yake, inayoyapitisha mafuta mazito pembeni mpaka yapate moto, au themostati iliyofungwa kwenye mabomba. Kuna jambo jingine ambalo ni haramu kabisa: kununua kipozeo kilichotumika kwenye gari ambalo giaboksi yake imekufa. Maduka ya vipuri vya mitumba ya Gerezani, Dar es Salaam, na ya Kirinyaga Road, Nairobi, yana mengi mazuri, lakini vumbi la chuma lililonasa ndani ya sahani za kipozeo halitoki hata ukisafisha mara ngapi, na litahamia kwenye giaboksi yako.

Mpangilio wa mabomba nao una mjadala wake. Otomatiki nyingi tayari zina kipozeo kidogo ndani ya tangi la chini au la pembeni la rejeta, ambamo mafuta hupozwa na maji. Njia ya kawaida, na ndiyo ninayoipendekeza, ni mafuta kupita kwenye rejeta kwanza, kisha kwenye kipozeo cha nje, halafu kurudi kwenye gia. Hivyo maji ya rejeta husaidia kuyapasha mafuta asubuhi na kuyapunguzia joto kali mchana, na kipozeo cha nje humalizia kazi. Wapo wanaoikwepa rejeta kabisa, nao wana sababu. Nissan Pathfinder, Xterra na Frontier za mwaka 2005 hadi 2010 zilijulikana sana Marekani kwa rejeta kuvuja kwa ndani, maji yakachanganyika na mafuta ya gia na kuua giaboksi, hadi kampuni ikarefusha dhamana ya rejeta hizo. Kwenye gari lenye udhaifu unaojulikana, au lenye rejeta iliyochoka, kuikwepa ni busara, ila weka themostati. Ili kutambua bomba la kurudi, washa injini ikiwa baridi, iache kwa muda mfupi, kisha pima mabomba yote mawili kwa kipimajoto cha infraredi: linalopata moto kwanza linatoka kwenye gia, lingine linarudi.

Sasa mahali pa kukifunga. Penye upepo mwingi ni mbele ya kondensa ya AC, nyuma ya grili, na gari la matumizi ya kawaida halina sababu ya kutafuta kwingine. Acha nafasi ya sentimita moja au mbili kati ya kipozeo na kondensa. Usizibe uso wote wa rejeta, kwa sababu hewa inayotoka kwenye kipozeo tayari ina moto, nayo ndiyo inayokwenda kupoza maji ya injini. Sogeza kipozeo upande mmoja, ikiwezekana pale ambapo winchi haikizuii. Gari linalotambaa siku nzima, au lenye bampa kubwa la mbele, linahitaji feni ya umeme juu ya kipozeo, yenye rilei, fyuzi na swichi ya joto inayowaka kwenye nyuzi 80 hivi. Hapo unaweza hata kukihamisha kikakaa pembeni mwa fremu au nyuma ya kibini, kama yanavyofanya magari ya mbio za jangwani, mradi kisiwe kwenye njia ya mawe yanayorushwa na matairi wala karibu na bomba la moshi.

Namna ya kukishikilia ndiyo inayotenganisha kazi ya fundi na kazi ya kubahatisha. Vipozeo vingi vya bei nafuu huja na vijiti vya plastiki vya kupenyezwa katikati ya mapezi ya kondensa na kukazwa. Kwenye lami vinaweza kudumu. Kwenye barabara ya Loliondo hadi Ziwa Natron, mtikisiko wa matuta madogo ya barabara huyasaga mapezi mpaka bomba la kondensa litoboke, na hapo umepoteza AC na huenda kipozeo pia. Tengeneza breketi za bati nene, zifunge kwenye chuma cha gari, na weka bushi za mpira kati ya breketi na kipozeo. Midomo ya mabomba ielekee juu au pembeni ili hewa itoke. Ikielekea chini, sehemu ya kipozeo inaweza kubaki na hewa isiyotoka.

Kuhusu mipira, bei isikudanganye. Mpira wa petroli unafanana na wa mafuta ya gia kwa macho, lakini joto na mafuta hayo huulegeza. Tafuta ulioandikwa SAE J1532, kiwango cha mipira ya vipozeo vya giaboksi, na uwe na kipenyo kile kile cha mabomba ya gari, kwa kawaida milimita 8 au 10. Bomba la chuma unalolikata lifinyangwe ukingo ulioinuka kidogo, ili mpira ukivalishwa na klempu kukazwa nyuma ya ukingo, usiweze kuchomoka. Kila mpira unapopita karibu na chuma, uvalishe ganda la kinga na uufunge usicheze. Mpira unaosugua utatoboka, na giaboksi inaweza kumwaga mafuta yake kabla dereva hajajua kinachoendelea.

Mfumo wa usukani unastahili neno pia. Dereva anayepanda majabali huushikilia usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho, na vali ya usalama ya pampu hufunguka, mafuta yakazunguka bila kazi huku yakipata moto mkali. Kipozeo kidogo cha bomba na mapezi kinatosha, lakini kiwekwe kwenye mpira wa kurudi tu. Upande wa pili una shinikizo la zaidi ya bar 80, na kipozeo cha kawaida kitapasuka. Mafuta ya injini ni suala jingine kabisa: bomba likivuja huko, injini inakufa kwa dakika chache. Kwa safari za kawaida za porini sioni sababu ya kujitafutia hatari hiyo.

Kwenye nyanda za Serengeti na Mara, baada ya mvua za masika, adui mkubwa wa kipozeo ni mbegu za nyasi. Huingia kwenye mapezi, hujipachika kati ya kipozeo na kondensa, na siku chache baadaye hakuna hewa inayopita. Wavu laini wa dirishani uliofungwa mbele ya grili huzizuia, ingawa nao hupunguza upepo kidogo, kwa hiyo uondolewe ukirudi barabarani. Ukisafisha, tumia maji ya shinikizo dogo kutoka upande wa injini kwenda mbele, kwa kuwa mashine za kuoshea magari huyalaza mapezi.

Baada ya kufunga, pima mtiririko. Elekeza mpira wa kurudi kwenye chombo, washa injini bila kukanyaga akseleta, na angalia: giaboksi yenye afya hutoa takriban lita moja ndani ya sekunde 20 hadi 30, kisha zima mara moja ili pampu isinyonye hewa. Unganisha, ongeza mafuta yaliyojaza kipozeo na mabomba, mara nyingi nusu lita hadi lita moja, na upime kiwango kwa joto lililoandikwa kwenye kitabu cha gari. Prado za miaka ya karibuni hazina kijiti cha kupimia. Kiwango huangaliwa kwa nati ya kufurika chini ya giaboksi, gari likiwa limesimama sawasawa.

Kisha lipeleke kwenye mlima ule ule, na mzigo ule ule, ulioandikia usomaji wa kwanza. Linganisha namba. Ukirudi, ingia chini ya boneti na tochi, kaza klempu tena zikiwa baridi, pitisha kidole kila mahali mpira unapogusa chuma, na ukiona doa la mafuta lenye vumbi juu yake, lifuatilie mpaka ulipate linapotoka.