SOMO LA ROBO HII: MSHAHARA UENDANE NA KAZI



Kamati nyingi za sharika, kuanzia Arusha mjini hadi vijiji vya Meru, huajiri watu: mwalimu wa chekechea, muuguzi wa zahanati, mhasibu wa mradi, mlinzi. Wakati wa usaili huja swali linaloonekana dogo: "Huko ulikotoka ulikuwa unalipwa shilingi ngapi?" Tunaona kwamba kamati ya kanisa haina haja ya kuliuliza.

Tuchukue mfano wa kubuni. Zahanati inatafuta mhasibu. Mwombaji wa kwanza ni mama aliyetunza hesabu katika shamba la maua upande wa Usa River kwa Sh. 250,000 kwa mwezi. Wa pili ni kijana kutoka kampuni ya utalii mjini, aliyelipwa Sh. 450,000. Elimu na uzoefu wao ni sawa. Kamati ikiamua kumwongezea atakayechaguliwa asilimia 20 juu ya mshahara wake wa zamani, mama atapata Sh. 300,000, na kijana angepata Sh. 540,000. Kazi ni ile ile, lakini tofauti ni Sh. 2,880,000 kwa mwaka. Na kwa kuwa mchango wa NSSF hukatwa kwa asilimia ya mshahara, upungufu huo utamfuata mama huyu hadi uzeeni.

Swali hili huweza kumwumiza hata aliyelipwa vizuri. Mahakama ya Umoja wa Mataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda, iliyokuwa hapa Arusha, ilifungwa mwishoni mwa mwaka 2015. Wenyeji walioajiriwa pale walilipwa kwa viwango vya Umoja wa Mataifa. Mtu wa namna hiyo akitaja mshahara wake wa zamani, jopo linaweza kumwona ni ghali na kumwacha, hata kama yuko tayari kupokea kidogo.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kazini na kumlinda pia mwombaji wa kazi. Inamtaka mwajiri achukue hatua ili wanaume na wanawake walipwe sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Haitaji swali la mshahara wa zamani, lakini kamati inayopanga malipo kwa swali hilo inaweza kuendeleza ubaguzi ulioanzia kwingine. Huko Marekani, jimbo la Massachusetts lilipitisha mwaka 2016 sheria ya kuwazuia waajiri kuuliza hivyo kabla ya kukubaliana na mtu juu ya kazi na malipo. Ilianza kutumika Julai 2018.

Neno la Mungu

Katika Mathayo 20, mwenye shamba la mizabibu alipatana na vibarua wa asubuhi dinari moja kwa siku. Hakumwuliza mtu jana alilipwa nini. Hata waliokuja saa ya mwisho walipata cha kuwatosha kwa siku.

Kamati ifanye nini?

1. Ipange kiwango cha mshahara kabla ya kutangaza nafasi, kwa kuangalia majukumu, bajeti na kima cha chini cha serikali.
2. Iandike kiwango hicho kwenye tangazo.
3. Isidai hati ya mshahara wa zamani. Iulize kuhusu ujuzi na wadhamini.
4. Ilipe kilichopangwa. Mfadhili aliyechangia mshahara wa muuguzi hakuchangia ili fedha ibaki kwa sababu muuguzi alizoea kupunjwa.

Mwombaji ajibu vipi?

Tunawashauri vijana wetu wasidanganye, maana uongo hugundulika. Mtu aweza kusema kwa heshima: "Naomba tuzungumzie majukumu ya kazi hii na kiwango mlichokipanga." Akibanwa, aseme kweli, kisha aeleze tofauti ya kazi hizo mbili.

Maswali ya kujadili

1. Wafanyakazi wa usharika wetu wanaofanya kazi sawa, je, wanalipwa sawa? Kama sivyo, kwa nini?
2. Nafasi ijayo tutaitangaza na mshahara wake?

Tunawaombea kikao chenye hekima na haki.