KUCHEMSHA MAJI HAKUONDOI RISASI

Kuchemsha maji huua vijidudu. Lakini madini ya risasi, yale yaliyomo katika betri za gari, hayaondoki kwa kuchemsha. Maji hupungua sufuriani, risasi hubaki. Huharibu ubongo wa watoto.

Mwaka 2014 mji wa Flint, Marekani, ulianza kutumia maji ya mto bila kutia dawa ya kuyalinda mabomba. Maji yakala mabomba ya risasi, watoto wakaathirika.

Mwaka 2024 serikali ya Marekani ilitoa kanuni: wagawaji wa maji wang'oe mabomba ya risasi kwa muda wa miaka 10. Kazi ngumu ni kuyatambua, maana yamefukiwa. Fundi hulikwaruza bomba kwa sarafu. La risasi ni laini, hung'aa kama fedha, na sumaku hailivuti.