Jirani Kapaki Getini Kwako? Anza Hapa

Saa kumi na mbili asubuhi, unawahi foleni ya Barabara ya Morogoro, unafungua geti: IST ya jirani imelala katikati ya njia yako, kioo cha mbele kimefunikwa boksi ili jua lisiingie. Maana yake haondoki leo. Kabla hujashika honi, soma kwanza.

1. Hakikisha pale ni kwako. Toa hati, tafuta bikoni. Nyumba nyingi za Dar es Salaam zina kipande kati ya geti na lami ambacho mwenye nyumba kakitandika vitofali kwa hela yake, akapanda na maua, kumbe ni hifadhi ya barabara. Kama gari liko ndani ya bikoni, hoja yako ni kiwanja. Kama liko nje, hoja yako ni kuzibiwa njia. Ukizichanganya, jirani mjuaji atakushika hapo hapo, na mtaani wajuaji hawakosekani.

2. Mfuate mapema, tena kwa miguu. Wengi wetu tunanyamaza miezi sita, tunanuna, kisha tunalipuka siku moja kwa jambo ambalo mwenzetu alidhani tumeliridhia. Nenda jioni, mkiwa wote mmeshatulia. Kama ni mkubwa kwako, shikamoo itangulie. Halafu sema shida yenyewe, isiwe lawama: "Mzee, mimi natoka alfajiri. Naomba gari likae upande wa mwembe." Mara nyingi hakuna kiburi chochote. Gari ni la mgeni, au ni mpangaji mpya aliyeambiwa na dalali kwamba parking ipo. (Kwa dalali kila kitu kipo, hata maji.)

Taja na yale yasiyosubiri: boza la maji, gari la kunyonya choo, mgonjwa usiku. Mtu anaweza kubishana na hasira zako, lakini kubishana na chemba iliyojaa ni vigumu.

3. Ukikubali, weka masaa. Kama mchana hupo, hakuna ubaya apaki hadi saa kumi. Ila mwandikie meseji: nimekuruhusu muda fulani mpaka muda fulani. Meseji inabaki kwenye simu, maneno ya barazani kila mtu huyakumbuka anavyotaka. Chukua na namba ya anayeshika funguo, maana mwenye gari anaweza kuwa safarini Dodoma.

4. Usiliguse gari. Usitoe upepo, usichomoe waipa, usikwaruze. Kuharibu mali ya mtu kwa makusudi ni kosa la jinai, na wewe uliyekuwa mlalamikaji unageuka mlalamikiwa. Kumzibia kwa gari lako nako kunaonekana kutamu, mpaka mtoto wake augue saa nane usiku.

5. Grupu la mtaa la WhatsApp? Hapana. Ukishatupia picha yenye namba za gari, si kesi yenu wawili tena.

6. Zuia. Mnyororo wenye kufuli, au nguzo ya chuma ya kulaza, fundi wa kuchomelea anakutengenezea. Wenye bajeti ndogo wanapanga mawe yaliyopakwa chokaa, na yanafanya kazi. Viwe ndani ya mpaka wako tu. Ukichimbia nguzo kwenye hifadhi ya barabara, mwenye kosa ni wewe.

7. Akigoma, panda ngazi. Kama ni mpangaji, anza na mwenye nyumba wake. Mjumbe anafaa kwa kuwakalisha, ila muhuri uko kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na barua yake ya wito huwaamsha wengi. Gari likiziba barabara ya umma, hilo ni la trafiki.

Mkigombania mpaka wenyewe, mnakwenda Baraza la Kata. Tangu mwaka 2021 baraza hilo haliamui tena kesi za ardhi, linasuluhisha tu. Likishindwa kuwapatanisha ndani ya siku 30, unaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Huko ni muda na nauli, kwa hiyo pima kama kinachogombewa ni ardhi kweli au ni maegesho ya jioni. Ukiitwa kwenye usuluhishi, beba hati, picha zenye tarehe na ile meseji. Wadogo zako watatu wenye vifua waache nyumbani.