Mahepe: Saratani ya Kuku Inayozuiwa Siku ya Kwanza

Tembe wa miezi mitatu huonekana asubuhi amelala ubavu, mguu mmoja ameunyoosha mbele na mwingine nyuma, ilhali chakula bado anakitaka. Wengi humdhania kuwa ameteguka au amepatwa na mdondo. Mdondo, hata hivyo, hauna subira: hufagia banda zima, wakubwa kwa wadogo, kwa siku chache. Ugonjwa unaoua mmoja leo na mwingine wiki ijayo, hasa matembe wanaokaribia kutaga, yafaa ushukiwe kuwa mahepe, uliotambulishwa mwaka 1907 na daktari wa mifugo wa Hungaria, József Marek.

Kuku huvuta kirusi cha mahepe pamoja na vumbi la manyoya. Kikishaingia, hujificha ndani ya chembe nyeupe za damu, zile zile zinazoulinda mwili. Kila chembe ina jeni, yaani maagizo ya urithi, na si yote yanayofanya kazi kwa wakati mmoja. Mengine huwa yamelala. Kirusi huja na jeni yake, iitwayo meq. Protini inayotokana nayo hushikamana na maagizo ya kuku, ikayaamsha yale ya kukua na kugawanyika, ikayanyamazisha yale yanayoiamuru chembe iliyoharibika ife. Chembe huzaana bila kikomo na kufanya uvimbe katika ini, wengu na mishipa ya fahamu. Mshipa wa mguu ukivimba, kuku hupooza.

Aliyefikia hapo hana dawa. Chanjo ipo tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, nayo huhesabiwa kuwa ya kwanza duniani kuzuia saratani. Hudungwa siku kifaranga anapoanguliwa, kabla hajavuta vumbi. Haizuii kirusi kuingia, huzuia uvimbe. Kwa hiyo kumchanja tembe wa miezi miwili ni kupoteza fedha, na tone la jichoni la mdondo halifai kitu kwa mahepe.

Anayenunua vifaranga waliovushwa kutoka Unguja au Dar es Salaam na amuulize muuzaji, kabla ya kulipa, iwapo walichanjwa mahepe walipoanguliwa. Anayeangua mwenyewe ana shida zaidi: chupa moja aghalabu hutosha vifaranga 1,000, na ikishachanganywa haikai, ni heri majirani wapange siku moja ya kuangua. Banda la zamani liondolewe maranda na vumbi, maana kirusi hudumu humo kwa miezi, na wageni wasichanganywe na kuku wakubwa. Kirusi hiki hakimwambukizi binadamu. Kuku aliyepooza asitupwe. Apelekwe kwa daktari wa mifugo wa wilaya akapimwe.