Kompyuta nyembamba: wembamba unalipwa na nini?

Wanafunzi wenzetu, hapa Bel-Air wengi wetu tunatamani kompyuta ya mkononi iliyo nyembamba na nyepesi. Ni vizuri. Lakini kila milimeta inayopunguzwa inalipwa mahali pengine. Tuangalie namna gani.

1. Batri. Nguvu inayowekwa ndani ya batri inahesabiwa kwa wati-saa. Batri ya wati-saa 50, katika mashini inayokula wati 10, inafanya saa 5. Mashini ikipungua unene, nafasi ya batri nayo inapungua. Ndiyo sababu wanatumia batri ya litiamu yenye kobalti, juu inabeba nguvu mingi katika nafasi ndogo. Na kobalti ya dunia, sehemu kubwa inatoka huku kwetu Katanga! Tena batri ya kuchomoa inataka sanduku lake gumu. Wengine wanaliacha, wanaibandika batri ndani kwa gundi.

2. Memori. Zamani ilikuwa kibao cha kuchomeka, ukitaka, unaongeza. Leo katika mashini mingi imelehemiwa, ni kusema imeunganishwa kwa bati lililoyeyushwa. Faida iko: nafasi ndogo, njia fupi ya umeme, na memori ya namna hii inakula umeme kidogo. Hasara: ukinunua jigabaiti 4, utabaki na 4 mpaka mwisho.

3. Mifano miwili. Mwaka 2008 Steve Jobs alitoa MacBook Air ndani ya bahasha ya karatasi. Watu walishangaa, lakini memori yake ilikuwa imelehemiwa. Mwaka 2021 kampuni Framework ya Marekani ikauza mashini isiyofika milimeta 16, memori ya kuchomeka, batri ya kufungua kwa skrubu. Basi wembamba hauamui yote peke yake. Anayechora mashini ndiye anachagua.

4. Na sisi? Umeme unakatika, kwa hiyo batri ndiyo inatusaidia kumaliza kazi. Nayo inachoka kisha kuchajiwa mara mamia. Kama haibadilishwi, feza ya wazazi imepotea. Mbele ya kulipa tuulize:
– Memori ni ya kuchomeka ao imelehemiwa?
– Batri inashikwa na skrubu ao na gundi?
– Batri ya namna ile inapatikana mjini?

Zoezi: Batri ya wati-saa 36 imechoka, imebaki na nusu. Mashini inakula wati 9. Itafanya saa ngapi?