Tansiyo, Homoni na Hasira za Nyumbani

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama wa nyumba, leo tuzungumze juu ya tansiyo. Kuna mtu atokaye shimoni, huko Rubaya au Bisie, akifika nyumbani anagombana kwa ajili ya sahani iliyovunjika. Usiku halali. Asubuhi amesahau alichotumwa. Jirani husema amelogwa. Kabla ya kusema hivyo, mpelekeni apimwe.

Juu ya kila figo pana tezi ndogo. Ukiogopa, jiwe linapoanguka au risasi zinaposikika katika milima ya Masisi, tezi hizo hutoa adrenalini: moyo hupiga mbio, tansiyo hupanda. Hatari ikipita, hushuka. Lakini mwenye kukaa na hofu kila siku anaweza kuwa na kortizoli nyingi pia, nayo huharibu usingizi na kumbukumbu.

Tezi hizo hizo hutoa aldosteroni, inayoamuru figo zizuie chumvi. Chumvi huvuta maji, damu hujaa mishipani. Mwaka 1955 munganga Jerome Conn wa Marekani alieleza ugonjwa wa watu ambao tezi yao hutoa aldosteroni kupita kiasi. Misuli yao huweza kulegea, nao hukojoa mara nyingi usiku. Baadaye ilionekana kwamba wasiwasi na huzuni huwapata zaidi kuliko wagonjwa wa tansiyo ya kawaida. Dawa ipo: spironolaktoni huizuia homoni hiyo.

Si kila mwenye hasira ana tansiyo! Tena wengi wenye tansiyo hawasikii kitu, na huo ndio ubaya wake. Miaka ikipita, mishipa midogo ya ubongo huharibika, mtu akawa mzito wa kufikiri. Au mshipa hupasuka ghafula, mdomo ukaenda upande.

Siku ya kupimwa, usiingie ukihema kwa kupanda mlima. Kaa kwanza dakika 5. Sigara na kahawa uziache nusu saa kabla. Ikionekana 140 kwa 90 au zaidi, siku mbili mbalimbali, basi ni tansiyo. Mweleze munganga habari za usingizi na huzuni pia, usione haya.

Mama, makayabu yaloweke usiku kucha, umwage maji yake, na sombe usiizidishie chumvi. Nawe baba, usiache vidonge eti kwa kuwa umepata nafuu, wala usimeze vya jirani. Vyako vikikukohoza au kukulegeza, rudi kwa munganga akubadilishie.